Shamba Linaendelea

Ofisini, ghorofa ya tatu
Jumapili, 6 Aprili

Dada yangu,

Salamu nyingi, na nyingine mpe Mama kabla hajaziomba. Mimi mzima. Hofu yangu ni kwenu mlio mbali, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea tu.

Tumefungiwa tena, kama kila mwaka msimu huu. Tunalala hapahapa ofisini, vitanda vya chuma vimepangwa kwenye chumba cha mikutano, simu zetu ziko kwa mlinzi getini. Barua tunaruhusiwa, ila Mkuu wa ofisi huzisoma kabla hazijatoka. Hii pia ataisoma. (Shikamoo, Mkuu.) Kwa hiyo usitegemee nikwambie tunafanya nini humu. Mkiulizwa, endeleeni kusema nachora ramani, maana si uongo. Jirani yangu wa kitanda ni mtaalamu wa mvua. Anakoroma kama pampu ya maji, na mvua yenyewe hajaiona tangu tuingie kwa sababu madirisha hayafunguki.

Nina swali. Lile joto la mwisho wa Machi lilipita kwenu mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Joto la namna ile likiyakuta kwenye maua, ule unga wa maua unakufa, na zile ndevu za mahindi zinakauka kabla hazijapokea kitu. Bua linabaki zima. Majani yanabaki ya kijani, na mvua ikirudi yanazidi kuwa ya kijani. Mtu anayetazama kwa mbali hajui chochote, na mimi siku hizi kila kitu nakitazama kwa mbali. Ingia katikati ya shamba, usiishie pembeni, menya mahindi kumi, uniambie ndani kuna nini.

Sheria ya Mama naijua. Mazao yakiwa bado yamesimama hayasemwi vibaya. Anayeuliza anajibiwa "shamba linaendelea," iwe neema au balaa, mpaka siku ya kukata. Lakini hiyo ni ya majirani. Mimi si jirani, mimi ni wa humo ndani.

Mdogo wako

---

Nyumbani
Jumamosi, 12 Aprili

Mdogo wangu Mchora Ramani,

Barua yako imefika na doa la maji, maana imevuka mto kwa mtumbwi. Daraja lilibebwa na mafuriko ya Februari, na mnara wa simu ukalala chini siku hiyohiyo, basi tumekuwa kisiwa. Wale wakaguzi wa mazao wanaokuja kila mwaka na mabuti yao hawajaonekana. Hakuna aliyewalilia.

Mama hajambo. Barua yako kaisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya ulichoandika, mara ya pili kwa ajili ya ulichoficha. Anasema umekonda. Nilimuuliza kajuaje, akasema mwandiko wenyewe umekonda.

Habari kubwa hapa ni ghala. Mtunza ghala, yule tunayemwita Funguo, kila asubuhi anafungua mlango, anayatazama magunia ya mwaka jana, anafunga. Magunia hayo yamewekwa kwa ajili yetu, mwaka ukiharibika tusife njaa. Lakini huko kusini mvua haikunyesha hata tone, na serikali inasubiri makadirio ya mavuno. Yakisema sisi tumejaliwa, magunia yatapelekwa kusini. Yakisema tumekosa, yatabaki. Funguo anasema, "Mimi nina funguo, mlango si wangu." Hata mwenye hela hana pa kununua nafaka upande huu wa mto, kwa hiyo ghala ndilo tegemeo, na kila mtu anaisubiri redio kama matokeo ya mtihani.

Fundi cherehani wa jirani kanunua betri mpya kwa ajili hiyo. Redio yake sasa inasema kuliko yeye, na hilo sikudhani linawezekana.

Shamba linaendelea vizuri. Kijani mpaka macho yanauma. Wewe kula, ulale, uchore.

Dada yako

---

Ofisini
Alhamisi, 17 Aprili

Dada yangu,

Nimeipata. Umeandika "vizuri." Nimelitazama neno hilo muda mrefu kuliko linavyostahili. Mama angeishia kwenye "linaendelea." Nyumbani kwetu hakuna anayeongeza neno bure, kwa hiyo nalichukua kuwa ni jibu.

Ila mahindi hukumenya. Au ulimenya ukanyamaza. Nakuuliza mara ya pili, na ya tatu haitakuwepo kwa sababu muda hauruhusu: yamebeba au hayajabeba? Neno moja linatosha. Sababu ya kuuliza siwezi kukwambia.

Habari za ghala nimezisoma.

█████████████████████████

Mstari huo juu nimeufuta kwa wino mwenyewe baada ya Mkuu kuuwekea kidole. Alikiweka tu kidole hapo akasubiri. Asiyesikia la Mkuu mnajua huvunjika nini, na mimi miguu yangu bado naihitaji.

Nijibu upesi, tafadhali.

Mdogo wako

---

Nyumbani
Jumanne, 22 Aprili

Mdogo wangu,

Huo mstari uliopaka wino Mama kaupeleka juani, kaugeuza, kautazama kwa nyuma. Hausomeki. Kahitimisha kwamba ni habari za msichana, na kwamba Mkuu wako kakukataza kwa sababu ni binti yake. Nimeshindwa kumtoa kwenye hilo. Ukitoka jela yako umwandikie mwenyewe.

Sasa nikujibu. Unadhani sijui kwa nini unauliza? Mwaka ule wa ukame uliacha chuo katikati ya muhula, ukashuka kwenye basi na begi lako, ukasema umekuja kusaidia. Kusaidia nini? Mvua haikuja kwa sababu wewe umekuja. Ulichimba mitaro ambayo haikupita maji, ukarudi chuoni ukakuta wenzako wako mbele, ukakaa mwaka mzima ukiwafukuzia. Mama hakuwahi kukulaumu lakini mimi nilimwona anavyolikunja lile begi lako. Nakujua. Ukisikia neno moja baya kutoka huku utafunga tena begi, utamwambia huyo Mkuu kwaheri, na utakuja kukaa mlangoni kutazama mabua pamoja nasi.

Basi sikiliza: yamebeba. Mahindi yamebeba, tena makubwa. Juzi fundi cherehani kaomba mawili matatu ya kuchoma nikamwambia asubiri yakomae. Baki kwenye kiti chako.

Dada yako

---

Chumbani kwangu, mjini
Jumatatu, 28 Aprili

Dada mpendwa,

Tumefunguliwa. Makadirio yametangazwa redioni asubuhi hii, nimerudishiwa simu ambayo kwenu haina kazi, na nimerudi kwenye chumba changu. Maziwa niliyoyaacha mezani yamekuwa kitu kingine. Sasa naruhusiwa kusema.

Mimi ndiye ninayekadiria mavuno ya upande wetu. Hiyo ndiyo ramani ninayochora. Kuna picha zinapigwa kutoka juu angani, na sisi tunasoma ukijani wa mashamba: kijani kizito, mavuno mazuri, kijani kilichofifia, mavuno haba. Hatutakiwi kumwambia mtu yeyote kabla ya kutangazwa kwa sababu wafanyabiashara wakijua mapema wanaficha nafaka, bei inapanda. Ndiyo maana barua zinasomwa.

Picha za kwetu zilikuwa za kijani kuliko miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki. Mimi nilikuwa na wasiwasi na lile joto, nikaandika tahadhari pembeni: huenda majani yanadanganya. Mkuu akasema tahadhari isiyo na shahidi ni woga tu, na wakaguzi hawakuruhusiwa kuvuka mto kwa mtumbwi. Nikampa barua zako. Alisoma ya pili taratibu, akafika kwenye "yamebeba, tena makubwa," akasema mtu aliye ndani ya shamba anatosha. Tukaifuta tahadhari.

Kwa hiyo ni wewe uliyemaliza kazi. Nakushukuru. Magunia ya ghala yataanza kwenda kusini wiki hii, ambako watu wameshakula hata mbegu, na ninyi mtakula mapya. Ni mara ya kwanza kazi hii inaniletea usingizi.

Mwambie Mama Mkuu ni mwanamke mwenye wajukuu na binti zake wote wameolewa.

Mdogo wako

---

Nyumbani
Jumanne, 29 Aprili

Mdogo wangu,

Hii huenda ikapishana na yako njiani.

Daraja la chuma limewekwa. Watu walisimama ukingoni wakapiga makofi lilipounganishwa, hata Mama alipiga. Tulidhani wa kwanza kuvuka watakuwa wa hospitali, au watu wa mnara wa simu. Wa kwanza walikuwa malori matupu, marefu, mengi. Yalivuka moja moja taratibu yakaenda kusimama mbele ya ghala.

Redio ilishasema jana. Upande wetu una mavuno mazuri, tena ya ziada. Fundi cherehani aliizima redio yake katikati ya maneno, na betri bado mpya.

Funguo anafungua mlango asubuhi, anakaa kwenye kiti chake nje, anayahesabu magunia yanavyotoka. Madereva ni watu wa adabu. Wanasalimia, wananunua chai, wanapakia. Wanasema huko wanakopeleka wameona watoto wa hali ambayo hawawezi kuieleza. Hakuna anayewachukia. Ndiyo maana inakuwa ngumu zaidi.

Nauliza tu, wewe uliye mjini karibu na watu hao wa makadirio: nani aliyewaambia? Hapa hakufika mtu. Ningependa kumwona huyo mtu sura yake. Si kwa ubaya. Ningemuuliza alisimama wapi alipotazama.

Shamba linaendelea.

Dada yako

---

Nyumbani
Jumamosi, 3 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako imefika jana mchana. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa.

Nilimpa Mama. Kaisoma mara moja tu. Kaikunja, kaiweka chini ya kikombe, kaniuliza, "Ulimwandikia yamebeba?" Nikasema ndiyo. "Kwa nini?" Nikasema ili asije. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa, mimi nimekaa mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu.

Leo asubuhi kachukua panga. Nilidhani anakwenda kukata majani ya mbuzi. Kaanza na mstari wa kwanza kabisa, ule wa barabarani ambao watu wote wanauona, kaukata. Kisha wa pili. Nikakimbia nikamshika mkono, nikamwambia Mama, yatabaki hata ya mifugo, yaache. Akasema, "Yakiwa yamesimama hayasemwi. Haya, yalale. Yakishalala utamwandikia mdogo wako kila kitu." Nikaenda kuchukua panga la pili.

Fundi cherehani alikuja kusimama ukingoni na tepu yake shingoni. Alidhani tumechanganyikiwa. Mama alimtupia hindi moja. Alilimenya, akalitazama, akaokota la pili akalimenya, akaondoka. Baadaye kidogo tukasikia panga upande wa shamba lake. Mpaka mchana mapanga yalikuwa yanasikika kote bondeni. Kumbe kila nyumba ilikuwa inajua, na kila nyumba ilikuwa inajibu shamba linaendelea. Sikujua kwamba sheria ya Mama haikuwa ya Mama peke yake.

Sasa yamelala, basi nasema. Hakuna kitu. Magunzi ni matupu. Hapa na pale utakuta hindi lenye punje chache zimekaa mbalimbali kama meno ya mzee, na hilo ndilo tunaloita zuri. Nilimenya siku ileile ya barua yako ya kwanza, katikati ya shamba kama ulivyosema. Nilijua. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwenye mlango wa ghala.

Naona aibu, na aibu haijazi tumbo la mtu. Nilidhani nakuzuia usipoteze kazi. Malori bado yanapakia. Funguo anasema nusu imeshavuka na iliyobaki inaondoka ndani ya wiki. Chukua barua hii umpe huyo Mkuu. Kama anataka mtu wa kulaumu, jina langu analijua.

Dada yako

---

Mjini
Ijumaa, 9 Mei

Dada yangu,

Barua yako niliiona kabla haijafika. Kwenye picha mpya palikuwa na kipande cha kahawia katikati ya kijani, mraba mdogo, na kona yake iliyokatwa na barabara naijua kama kiganja changu. Nilidhani moto. Picha iliyofuata vipande vilikuwa vimeenea bonde zima. Hakuna anayevuna Mei. Nilijua hapo hapo, nikabaki nasubiri posta iniambie ninachokijua.

Nilimpelekea Mkuu picha na barua pamoja. Alivua miwani. Akasema, "Dada yako ana barua mbili. Niamini ipi?" Nikamwambia aamini hii iliyomgharimu. Akasema shamba moja si bonde. Nikamwonyesha bonde. Alitazama muda, kisha akanyanyua simu.

Malori yamesimamishwa. Magunia yaliyokwisha kuvuka hayatarudi, na sikuomba yarudi. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Makadirio ya upande wetu yatatangazwa upya, kwa sentensi moja, baada ya taarifa ya michezo.

Mimi nimeondolewa kwenye kiti. Barua yao inasema "kupumzishwa" mpaka Septemba, na baada ya hapo wataona. Mshahara unaendelea nusu. Mkuu alinisindikiza mpaka kwenye lifti, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Kosa langu wamelieleza vizuri: nilimchukua shahidi wa nyumbani kwangu mwenyewe. Hawajakosea.

Nilikukasirikia siku mbili. Nakwambia ili ujue imekwisha. Nikiwa nimekasirika ndipo nilipokumbuka kwamba na mimi nilikuwa na neno moja ambalo lingeokoa kila kitu, kwamba ninayekadiria ni mimi, nikalipaka wino kwa sababu ya kidole cha mtu.

Sasa sina kinachonishikilia huku. Mvua za vuli zikija kuna mtama wa muda mfupi unaoweza kukomaa, mbegu nitazitafuta, na mtahitaji mikono ya kulima upya. Begi nimeshafunga. Nitapanda basi la Jumatatu ya tarehe kumi na tisa.

Mdogo wako

---

Nyumbani
Jumatano, 14 Mei

Mwanangu,

Ni mimi ninayeandika. Dada yako kakaa na kalamu tangu jana na karatasi bado nyeupe, nikamnyang'anya. Mwandikie wewe kwanza. Umwandikie upuuzi, habari za huyo anayekoroma. Anadhani kakuvunjia maisha, na wewe ukimwandikia kwa uangalifu atajua unamwonea huruma.

Malori yameondoka matupu. Nafaka iliyobaki ghalani tuligawana Jumapili, mbele ya watu wote, ili kusiwe na maneno. Funguo alipita nyumba kwa nyumba akiuliza vichwa. Kila nyumba ilisema idadi yake kwa sauti na majirani wakasikia. Ilipofika zamu yangu nikasema wawili. Akaniuliza, "Na yule kijana?" Nikamwambia yule anakula mjini. Akaandika wawili. Barua yako ya kuja ilikuwa bado haijafika, lakini hata ingefika ningesema hivyohivyo.

Nimepima chetu. Tukila mara moja kwa siku, na tukipata bahati ya mvua, kitatufikisha kwenye huo mtama unaousema. Kwa wawili. Nimepima tena leo baada ya kusoma barua yako, nikijaribu kukiweka kichwa cha tatu. Hakikai.

Mwanangu, nakutaka. Usiku na mchana nakutaka, hilo ulijue kwanza kabla ya hili linalofuata. Usije. Ukija nitakupa sahani yangu nikisema nimeshakula. Dada yako atanisukumia yake akisema tumbo linamuuma. Wewe utaacha nusu na kusema umeshiba kwa sababu ulikula safarini. Tutakaa watatu mezani tukidanganyana kwa mapenzi mpaka mmoja wetu aanguke, na mimi najua atakuwa nani, kwa sababu ndiye mwongo hodari kuliko wote.

Mbegu zitume kwa dereva wa basi. Mikono ya kulima tunayo. Huko mjini bado unga uko dukani, na nusu mshahara kwa bei ya sasa itamlisha mtu mmoja asiye na anasa, haizidi.

Fungua begi, mwanangu. Utandike kitanda, ukae.

Mama yako